Panya Aligoma, Darasa Likajibu

Inspekta alikuja shuleni kwetu Kalemie siku ileile niliyopanga kuleta panya darasani. Prefe, mkuu wa shule yetu, alishaniambia wazi: somo likiharibika mbele ya mgeni, biolojia ya mwaka wa sita atapewa mwalimu mwingine. Nami nililipenda somo hilo kuliko samaki wa ziwa letu, migebuka ya kukaanga.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu jambo lililonitia wazimu wa furaha. Panya akiwashwa shavuni, hujikuna kwa mguu wa nyuma; akiumia, hujipangusa kwa mguu wa mbele. Shavu ni lilelile, lakini seli za neva zina njia ya kutenganisha habari hizo mbili! Tena maumivu yakiingia, mwasho hunyamaza. Ndiyo maana tunajikuna hadi kujichubua.

Nikamtoa panya wangu kwenye kopo, nikampaka shavuni pilipili iliyotwangwa. Akatulia tuli. Maskini, aliogopa watu arobaini wanaomkodolea macho, somo langu la neva halikumhusu. Inspekta akafungua kalamu yake.

“Tujaribu mwasho,” nikasema, nikavunja ganda la upupu pale dirishani. Balaa! Upepo wa ziwa uliingia bila hodi, ukazoa vinywele vyote, ukavigawa darasa zima bila upendeleo. Mabenchi ya mbele yakaanza kujikuna, ya nyuma yakafuata, inspekta naye akaingiza kucha ndani ya kola. Jasho la aibu likanitoka. Nikajifuta uso, kwa mkono uleule wa pilipili.

Ee Mama! Macho yaliwaka. Nikawa napangusa, napangusa, machozi yananitiririka, na moyoni nimeshaliaga somo langu.

Ndipo msichana wa benchi la mbele akaruka juu, kucha bado shingoni. “Prof! Sisi wote tunajikuna, weye tu njo unajipangusa! Njo vile ulisema!”

Darasa likalipuka kwa shangwe. Walipiga madawati, wakajikuna, wakapiga tena. Nilicheka huku nalia. Sijawahi kufurahi namna ile nikiwa na maumivu.

Inspekta alizidi kujikuna, kwa nguvu, kisha akaacha ghafla na kutazama kucha zake.

“Kumbe kweli,” akasema polepole. “Ikianza kuuma, haiwashe tena.” Akanigeukia. “Papa, hili somo njo lako. Endelea. Ila dirisha, mufunge.”