Jina la Mume Wangu Mbele ya Mashine

Wakati vita vilipofunga barabara ya Manguredjipa, mume wangu alikuwa upande wa kule, nami nilikuwa Butembo na watoto wawili na wivu. Ninautaja wivu pamoja na watoto kwa sababu niliulea kama wao. Niliamka nao, nikaulisha, nikalala nao, na haukuwahi kuumwa hata siku moja.

Mume wangu alikuwa akimnunulia dhahabu tajiri mmoja wa mjini kwetu, mwenye comptoir yake karibu na soko, yaani nyumba ya kupimia na kununulia dhahabu. Kwa gari hakukufikika. Msituni walikuwa wapiganaji wa Mai-Mai, barabarani walikuwa askari, na ndege ndogo ya tajiri ndiyo ilipeleka chumvi, sabuni na bia na kurudi na vifurushi vidogo vizito. Sisi wake wa wanunuzi tulibaki na foni tu, redio ya kuongelea iliyokuwa kwenye chumba cha nyuma cha comptoir. Kila Jumamosi tulipanga foleni tuwasalimie waume zetu, na kila mwenye redio kuanzia Kirumba mpaka Beni alikuwa anasikiliza. Utamwambia nini mumeo mbele ya masikio hayo yote? Unauliza kama homa imepona. Anasema imepona. Unasema watoto wanasoma. Anasema vizuri, kisha anakuachia zamu ya kusema, nawe unauliza homa tena.

Basi kijana aliyeendesha foni akahamia Kampala, na tajiri akatafuta mtu mwingine. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa masista, na sauti yangu ilikuwa safi. Mshahara ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini mimi nilikitaka kile kiti. Anayekaa pale anazungumza na mume wangu asubuhi na jioni. Anajua kama anakohoa. Wanacheka kidogo habari ya mvua kabla ya kufika kwenye bei. Nilitaka mtu huyo awe mimi, na zaidi ya hapo nilitaka asiwe yule msichana wa nyumba ya chini yetu.

Yule msichana aliuza vitenge na alikuwa hajaolewa. Kila asubuhi, kabla mume wangu hajapelekwa Manguredjipa, alimwita kwa jina kutoka upande wa pili wa ua, kwa sauti kubwa, amuulize ameamkaje. Kwetu mke hataji jina la mumewe. Mama yangu alizeeka na baba yangu na sikuwahi kulisikia jina la baba kinywani mwake. Unasema baba wa watoto, unasema yeye, na wote wanaelewa. Kwa hiyo mtaa mzima uliweza kulitamka jina la mume wangu isipokuwa mimi, na yule akalimwaga juu ya ua kama maji ya kuoshea vyombo. Liliniudhi mno.

Kisha naye akapanda ile ndege na mzigo wake wa vitenge. Vitenge havichukui muda wote ule kwisha. Aliporudi mashavu yalikuwa yamejaa, na alikuja moja kwa moja kwangu kunisalimia.

"Yaya, balimungʼoa jino," akaniambia, akiniita dada mkubwa. "Hakukuambia mu foni?"

Jino. Mimi niliyepikia meno yale miaka yote nilikuwa sijui. Nikamwambia najua, nikamshukuru, nikamkaribisha chai. Nilitamani chai ile imuunguze ulimi.

Niliposikia kwamba naye ameomba kazi ya foni, sikula siku hiyo. Tulibaki watu watatu: mimi, yeye, na kijana mmoja kutoka Kirumba, hana mke, ana tai pana iliyofunika nusu ya kifua. Tajiri akatuambia kwamba hatachagua yeye. Bei zake zilikuwa zikivuja. Kila alichosema kwenye foni wanunuzi wengine walikijua kabla ya chakula cha mchana, ingawa alikisema kwa mafumbo. Mshirika wake wa ng'ambo alichoka, akatuma mzungu mwenye mashine ya kupima uongo. Mashine ilianzia Beni, kwenye nyumba yao ya mtaa wa Beu, na habari zilitufikia kabla yake: mlinzi mmoja alifungwa nyaya, akafikiri ni umeme, akazimia kabla ya kuulizwa jina lake.

Mimi sikuiogopa. Sisi wa miaka ile tulifundishwa kudanganya na vizuizi vya barabarani. Askari anakuuliza, mama, uko na nini mu kitunga, unamwambia bihogo tu, papa, batoto banalala njaa, huku chini ya mihogo umefunika alichokutumia mumeo, na unamtazama machoni. Moyo ambao ungeruka kila mara ungekwisha kusimama zamani.

Siku yenyewe tulikaa barazani kwenye benchi. Dirisha la chumba cha mashine halikuwa na vioo tena, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Walianza na mimi. Mzungu alinizungushia mpira kifuani, akanifunga mkono kwa kitambaa kile cha hospitali cha kupimia presha, akanivisha vibati vidoleni. Mezani palikuwa na kalamu ndogo za wino zilizochora mistari kwenye karatasi inayokwenda yenyewe. Mkalimani alitoka naye Kampala. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na mambo yetu hakuyajua.

Aliniuliza kama nimewahi kuchukua kitu kisicho changu. Nilisema hapana, nikiwaza sukari ya masista, na kalamu zikaenda polepole. Aliniuliza kama nimewahi kumdanganya mkubwa wangu. Hapana. Zikaenda polepole. Nilianza kuipenda ile mashine.

Kisha akaeleza sehemu ya mwisho. Nitaje kwa kinywa changu jina la kila mnunuzi wa tajiri, halafu niulizwe kama nimewahi kupanga naye siri. Nikamtaja wa Kirumba. Nikamtaja wa Beni. Nikaishia hapo.

"Na wa Manguredjipa?" mkalimani akauliza.

"Ni papa ya batoto yangu."

"Jina."

"Ule mwenye iko kule. Patron anamujua."

"Mzungu anataka jina, kutoka mdomo wako."

Nililitafuta. Nililiona kabisa, herufi zake zote, lilipoandikwa kwenye cheti chetu cha ndoa. Ulimi ukakataa. Jasho likanishuka mgongoni, na kalamu zikaruka mpaka ukingoni mwa karatasi. Mzungu akaandika kitu, akanifungua bila kunitazama.

Nilirudi kwenye benchi nikiwa na hasira na kiburi pamoja. Kazi nimeikosa, lakini nimeikosa kama mke. Halafu nikamwona yule msichana anaingia na kitenge chake kipya, na kiburi kikanitoka. Yeye atalitaja bila shida, kama alivyolitaja miaka yote. Atapewa kiti, na kila asubuhi atamwita mume wangu kwa jina angani, watu wote wasikie, nami nitasikiliza Jumamosi kama mgeni. Nilimchukia kwa moyo wangu wote uliopimwa.

Alijibu vizuri. Hapana, hapana, hapana. Sauti haikutetemeka. Akaambiwa ataje wanunuzi. Akamtaja wa Kirumba. Akamtaja wa Beni.

Halafu nikasikia ile karatasi ikikwaruza meza.

"Na wa Manguredjipa?"

"Ule wa Manguredjipa," akasema polepole.

"Jina lake."

"Mais beye bote banamujua. Ule mwenyewe."

"Sema jina."

"Hapana. Siwezi."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu arudi kutoka Manguredjipa sikuwa nimemsikia akilitaja hata mara moja. Alisema balimungʼoa jino. Alisema hakukuambia. Nilikuwa nimeshughulika na jino, nikaacha kusikia kilichokosekana. Mimi niliyechukia kila alipolitamka jina lile nilikaa pale nikimwomba Bikira Maria amfungue kinywa alitamke. Alipige kelele, aliimbe, alitupe juu ya ua kila asubuhi mpaka nife. Hakulitamka.

Kijana wa Kirumba aliniinamia. "Mama, juu ya nini ninyi babili munakatala jina ya ule mutu?"

"Nyamaza, utaitwa sasa hivi," nikamwambia.

Msichana alitoka akiwa ameshika mkono uliokuwa umefungwa kitambaa. Alipofika mbele yangu alisimama, akasema "Yaya," akashuka kilima. Nilimtazama tumbo. Ndiyo, nilimtazama, na sikuona kitu, na sikuamini nilichokiona.

Kijana aliyataja majina yote matatu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akapata kazi.

Jioni ile tajiri aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na mzungu alikuwa amekwisha kumweleza alichokiona: wanawake wawili wanaruka moyo kwa mtu mmoja, kwa hiyo mtu huyo ndiye anayevujisha bei, na wanawake ndio anaowatuma.

"Weye, nilielewa," akaniambia. "Bibi hataje jina ya bwana yake. Nilianza kumueleza muzungu." Alichukua mzani wake mdogo, akaufuta vumbi lisilokuwapo. "Mais beko babili. Nikamueleza ya weye, ataniuliza ya ule mwengine. Nitasema nini mimi?"

Sikumsaidia. Akasema, basi, mume wangu atarudi kwa ndege, na mtu mwingine ataenda kule. Akaniomba msamaha. Ndiye mtu pekee aliyeniomba msamaha katika jambo hili lote.

Kwa hiyo nilichokuwa nikikililia nilikipata. Mume wangu alirudi nyumbani, amekonda, na pengo mdomoni. Watoto walimrukia. Nilimletea maji ya kunawa, nikamwekea ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa mbele yake. Alikuwa na hasira. Alitumikia ile comptoir kwa uaminifu, alisema, alilala na bunduki zikilia, na leo anafukuzwa na mashine.

"Nani alinisema mubaya?" akaniuliza.

"Hakuna mutu alikusema mubaya."

"Donc balinifukuza juu ya nini?"

"Balisema tutaje jina yako. Nikashindwa."

Uso wake ukalegea. Alicheka, nikaliona pengo lote. "Juu ya ile tu? Ungebaeleza, mama. Bibi moja hawezi kuwa sababu."

"Hatukuwa bibi moja," nikasema. "Tulikuwa babili."

Alikata tonge, akalichovya kwenye sombe, akalitafuna upande wenye meno. Nilingoja. Alikata tonge jingine. Hakuuliza wa pili ni nani.