Safari ya Takwa

Mama alitaka kuyaona magofu ya Takwa, kule kisiwani Manda, ambako bibi yake alikuwa akienda kuzuru kaburi. Mkondo wa kufikia huko hupitika maji yakijaa tu, nami nalijua hilo. Hata hivyo nilisimama gatini nikivutana bei na nahodha hadi jua likawa kali.

"Mpe atakacho, mwanangu," alisema Mama, keshakaa mashuani na mahamri mapajani.

Mwishowe nahodha akakubali. "Haya, Bwana, umeshinda. Lakini maji yamekupwa. Labda uibebe mashua kichwani."

Tulikula mahamri palepale. Mama akasema tutakwenda siku nyingine, nikakubali bila kubishana. Mwaka huo magoti yake yakakataa ngazi za gati. Tangu hapo nimekwenda Takwa mara mbili, peke yangu, kwa bei waliyoitaja manahodha.