Mume wangu alipungua tumbo, wakwe wakasema nimempa karuho. Kumbe ni figo

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Naandika nikiwa Butembo, mtaa wa Vulamba, akili timamu, sijanywa kitu. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Mwenye kusema ni chai, asome kwanza mpaka mwisho ndipo aniletee sukari.

Mume wangu anaitwa Kambale, mtoto wa pili kwao, anauza mabati na misumari.

Kwa wasioijua Butembo, hapa mfanyabiashara bila tumbo ni kama padri bila kanzu. Watu wanakagua tumbo kwanza, bidhaa baadaye. La mume wangu lilikuwa la kuaminika. Lilikuwa linatangulia dukani, yeye anafuata. Wateja walimwita "patron", kanisani aliachiwa benchi la mbele, na kwao Beni mama yake alikuwa analipigapiga kila tukifika, kama mtu anayekagua mbuzi wake.

Na mimi nilikuwa nasifiwa. Mama Masika anajua kulisha!

Sasa njooni kwenye shingo.

Shingo yake kwa nyuma ilianza kuwa nyeusi, ngozi nene, kama imepakwa masizi. Mimi mke mwema nikajua ni uchafu. Nikachukua brashi ya kufulia, nikawa namsugua kila Jumamosi ili Jumapili asiniaibishe kanisani. Ngozi ilichubuka, weusi ukabaki pale pale. Nikamlaumu mwenye kuuza sabuni.

Akishakula fufu, ugali wetu wa muhogo, mchana, analala juu ya kaunta mdomo wazi. Tukasema ni usingizi wa wenye nacho.

Mkojo nao ukawa na povu, tena povu lisilokatika upesi. Alinieleza habari hiyo kwa fahari, wakuu. Kwa fahari! Eti ni dalili ya nguvu.

Hospitali tulienda kwa ajili yangu, nilikuwa na malaria. Daktari wetu ni mtu wa Kisangani, aliletwa huku na kazi ya serikali. Akaniacha na homa yangu, akawa anamwangalia mume wangu shingoni.

"Papa, hii shingo ilianza kuwa hivi wakati gani?"

"Docteur, ni jua tu."

"Jua ya Butembo? Huku kwenye batu banavaa makoti saa sita? Na inachomaka nyuma tu?"

Akampima. Presha ilikuwa juu. Sukari imepanda kidogo, haijafika kuitwa kisukari. Mkojo una protini. Na kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja namna gani, kilikuwa kimepita mpaka kidogo.

Katika yote hayo mume wangu alisikia neno moja: si kisukari. Tulipotoka nje akanunua sucré, soda baridi kabisa, kujipongeza. Akanipa na mimi nionje ushindi.

Mimi nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwomba anieleze kama anamweleza mtoto. Nawaletea nilivyoelewa.

Insulini ndiyo inayofungua mlango sukari iingie kwenye seli za mwili. Kwa mume wangu seli zimekuwa kiziwi. Insulini inabisha hodi, hakuna anayefungua. Mwili unaleta nyingine, na nyingine tena, mpaka mlango ufunguke kidogo. Ukipima sukari unakuta karibu sawa, basi kila mtu anasema mzima.

Kumbe hiyo insulini iliyozidi inazifanya figo zishike chumvi. Presha inapanda. Vichujio vya figo vinafanya kazi kwa kusukumwa mno, mwisho vinalegea na kuvujisha protini. Ndiyo povu lile la fahari. Na figo zikishaumia, nazo zinazidisha ukiziwi wa seli. Huyu anamharibu yule, yule anamharibu huyu, na mwenye mwili amelala kwenye kaunta.

Hata weusi wa shingo unaletwa na insulini hiyo hiyo. Mimi na brashi yangu!

Daktari akamalizia: "Mama, fufu apunguze, sucré aache, makayabu, ile samaki ya chumvi, na chumvi yote ile aache. Atembee kwa miguu. Anywe dawa ya presha kila siku. Na bidawa ya miti, hapana. Hata kidogo, mama. Ile figo haiwezi."

Kambale alibisha mpaka alipoelezwa kwamba figo zikifa kabisa, damu inasafishwa na mashine, na mashine yenyewe si kitu cha kukuta kila kona huku kwetu. Mtu wa biashara anaelewa lugha ya bidhaa isiyopatikana.

Akaanza kutembea. Mnavijua vilima vya Butembo? Alivipanda asubuhi akihema, akitukana, lakini alivipanda. Maharage, mboga, fufu ya kiasi. Miezi ikapita, suruali zikaanza kumvuka, presha ikashuka, povu likapungua. Daktari akafurahi. Mimi nikafurahi.

Ila mume wangu alinipa sharti moja: nisimwambie mtu.

"Mutu wa biashara hapana kugonjwa," aliniambia. "Bakisikia figo, kesho banaenda kununua kwa mwingine."

Basi tukakaa na siri yetu. Na tumbo likaendelea kupungua mbele ya macho ya mji mzima, bila maelezo. Unadhani mji utakaa bila maelezo?

Wakaanza kusema duka limekufa. Kisha wakasema ana ule ugonjwa. Kisha wakapata jibu zuri kuliko yote: mke wake amempa karuho. Wakuu wa mbali, karuho ni sumu ya polepole. Mtu anakupa kwenye chakula, unakauka kidogo kidogo mpaka unakwisha. Na nani anampikia Kambale? Kesi imefungwa.

Habari ilifika Beni kabla yetu. Tulipokwenda kwa misa ya kumkumbuka baba mkwe, tulikuta kikao kimeshapangwa sebuleni. Mama mkwe, wajomba, na Mumbere, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye mwenyewe ana tumbo la kuheshimika.

Mama mkwe hakuzunguka.

"Mama Masika, mutoto nilikupatia na nyama juu. Sasa unanirudishia mifupa. Unamulisha nini?"

"Mama, anakula vizuri," nikasema.

"Anakula vizuri anakonda? Weye unatuona siye bajinga?"

Nikamwangalia mume wangu. Ilitosha aseme neno moja tu, figo, na mimi niwe mtu tena. Akatazama zulia.

Mumbere akasema kuna mganga upande wa Mabalako, mtaalamu wa kutoa karuho, na kwamba yuko njiani. Tena dawa imeshalipwa. Jamani, hawa watu huwaombi maji ya kunywa wakakuletea upesi hivyo!

Mganga akaja na chupa. Kitu cheusi kinachonuka mizizi na kuoza. Atatapika, atahara, sumu yote itatoka. Nikamvuta mume wangu kwenye ua.

"Papa Masika, docteur alikataza. Waambie."

"Nikikatala kukunywa, batasema ni weye umenikataza. Wacha nikunywe, wakuache."

Hapo mnielewe. Mtu huyu alikuwa tayari kunywa kitu cha kumuua figo ili kulisafisha jina langu, lakini si kufungua mdomo aseme naumwa. Nilimpenda na nilitaka kumpiga, vyote pamoja. Nikarudi ndani nikasema mwenyewe: ana ugonjwa wa figo, asinywe. Nikasema kwa sauti. Mama mkwe akajibu kwamba mlozi lazima aogope dawa, ndiyo kazi yake. Na Kambale, kwa heshima ya mama yake, akanywa. Akanywa yote.

Alitapika mpaka akalegea. Alihara mpaka akashikwa mkono kwenda chooni. Wakawa wanahesabu hiyo ni karuho inatoka. Mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya rangi, kisha ukakaribia kukatika. Nilisema twende hospitali. Nikaambiwa nisiharakishe kumwondoa mtu kwenye dawa.

Halafu, wakuu, siku chache baadaye, tukiwa bado Beni, ukaja muujiza.

Kambale akaanza kunenepa.

Mashavu yakajaa. Miguu ikajaa. Tumbo likarudi. Mama mkwe akapiga vigelegele, akamwita jirani aje aone: "Angalia! Mutoto yangu anarudia sura yake!" Mumbere akachinja mbuzi. Mganga akapewa mguu mzima wa nyama. Watu walikuwa wanacheka na kumpongeza mtu anayehema akiwa amekaa.

Nilipita katikati yao nikapiga magoti, nikabonyeza mguu wa mume wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikabonyeza tena pembeni, mbele ya mama yake. Shimo la pili.

"Mama, hii hapana nyama. Hii ni maji. Hakojoi. Mutoto anajaa maji."

Sijui ni mashimo au ni sauti yangu, ila vigelegele vilikatika. Mumbere mwenyewe ndiye aliyekimbia kuita pikipiki. Tukampakia katikati yangu na dereva, mbuzi bado yuko motoni.

Hospitali ya Beni walihangaika naye siku nyingi. Kreatinini ilikuwa imepaa. Nilikaa kwenye mkeka nikisubiri chupa ya mkojo ijae, na siku ilipoanza kujaa nililia kuliko nilivyolia siku ya ndoa yetu.

Figo zilirudi kazini, si kwa nguvu zote. Alichojenga kwa kupanda vilima kilishuka na chupa moja. Daktari anasema kilichobaki kinatosha kama atakitunza, na hakuna ziada ya kuchezea.

Akiwa kitandani Kambale aliwaita mama yake na kaka yake. Safari hii hakutazama zulia, hospitali haina zulia.

"Mama, niko na maladi ya figo tangu mwaka ule. Mama Masika hapana kuniroga. Alikuwa ananichunga."

Mama mkwe akamuuliza muuguzi ugonjwa huo ulianza lini hasa.

"Kabla hajakonda, mama. Wakati alikuwa munene."

"Wakati mimi nilikuwa nafurahi," akasema, akajifunika uso na kitenge.

Sikupata hata nusu ya moyo wa kumkasirikia.

Somo langu kwenu: ukiwa na tumbo, shingo nyeusi, usingizi baada ya kula, povu chooni, usisubiri neno kisukari. Pima presha, pima mkojo, pima kreatinini. Mtu akinenepa kwa siku chache, mbonyeze mguu kabla hujachinja mbuzi. Na mgonjwa usifiche ugonjwa wako halafu umwachie mkeo kesi.

Leo Kambale amekonda tena. Mtaani wanasema namaliza kazi niliyoianza. Waseme. Kila asubuhi nasikia anakojoa, nageukia ukutani nalala tena.

Karibuni kwa maoni na maswali. Anayekuja na mizizi yake, apite kushoto.