Mayai Matatu ya Mama Mdogo

Kwanza nilisikia kuku akitetea uani, kisha sauti ya bibi yangu chumbani. "Miaka saba, Mwanaidi. Mayai yako yamekwisha. Mwache mwanangu aoe mwenye nayo."

Mama mdogo Mwanaidi, mke wa ami yangu, alikuwa akikunja kanga zake zilizonukia udi na kuzitia sandukuni. Nami, mtoto bado, nilidhani shida ni mayai ya kuku tu. Nikakimbilia bandani, nikapenyeza mkono chini ya kuku, nikarudi na matatu, bado yana joto.

"Mama mdogo, usiende. Haya hapa."

Alicheka, machozi yakimdondoka. "Kumbe weye ndiye wa kunitetea."

Juzi, nami sasa mtu mzima, kliniki mjini Tanga, muuguzi alituonyesha mchoro, mimi na mwenzangu wa ndoa. Alisema mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, yameshaumbika angali tumboni mwa mama yake. Mwanamume naye, tangu abalehe, hutengeneza mbegu kila siku, na wapo wasiozitengeneza kabisa. Ndiyo maana hupimwa wote wawili.

Nikamkumbuka ami. Baada ya Mwanaidi alioa mara mbili pale kijijini kwetu Kigombe, na hakuna aliyezaa. Hakuna pia aliyemwambia akapimwe.

Siku ile ya mayai matatu, ami alikuwa amekaa barazani, akitazama viatu vyake. Mama mdogo alichukua yai moja, akalifunga pindoni mwa kanga, akampita na sanduku lake. Bibi akafunga mlango nyuma yake, akatia komeo.