Boriti ya Tatu ya Treni Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo na rundo la mawe. Vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha karibuni, na mine moja ya kuchimba madini huku Masisi ilikuwa inatafuta watu wa ujenzi. Nilitoka Kibabi nikidhani ninakwenda kujifunza kujenga nyumba. Kwa miezi mitatu nilivunja mawe tu, mpaka yawe madogo kama mayai ya njiwa, kwa sababu betoni, yaani zege, isiyo na kokoto nzuri ni uji.

Aliyenitoa kwenye mawe ni Kapita Balume. Kapita alikuwa msimamizi mweusi, aliyesimama kati yetu na shefu wa shantie, yule Mzungu wa ujenzi. Balume naye alikuwa mtu wa Kibabi, mfupi, wa maneno machache, na Jumapili hakukosa kanisani. Alinifundisha kupiga kofraje, yaani sanduku la mbao ambamo betoni inamwagwa, na kulishikilia kwa miti iliyosimama chini yake. Alinifundisha kupinda vyuma na kuvifunga kwa waya. Mara nyingi aliniuliza chuma kinene kinalala upande gani wa boriti. Nikijibu chini, aliuliza kwa nini. Boriti ikibebeshwa mzigo, tumbo lake linavutika, na betoni haiwezi kuvumilia kuvutwa. Chuma njo kinavumilia.

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka mitano wakati Direkta wa mine alipoleta treni ndogo kutoka Ulaya. Wengi wenu hamtaamini. Ilikuwa treni ya kweli, yenye moto na moshi, lakini kichwa chake kilinifika kiunoni, na watoto wa Direkta wangekaa juu ya mabehewa kama watu wanaopanda punda. Bustani ya Direkta ilikuwa kwenye mteremko, na katikati kulikuwa na korongo lenye kijito. Ili reli isipande wala kushuka, ilibidi ipite juu, kwenye nguzo za mawe na boriti za betoni. Pale kwenye korongo nguzo zilikuwa na urefu wa watu wawili.

Tulimwaga boriti nne za korongo mwezi wa mvua. Kipimo chetu kilikuwa karai moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto, na maji kidogo. Ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Tulipokuwa katikati ya ya tatu mvua kubwa ilitukuta, na maji yakaingia katika kofraje kabla hatujapata majani ya migomba ya kuifunika. Balume alitaka tuitoe yote tuanze upya. Shefu wa shantie alikataa. Alisema simenti ya kuchezea haipo, tuendelee. Tukaendelea, na kesho yake tukamwaga ya nne.

Desturi ya Balume ilikuwa kungoja wiki nne kabla ya kuondoa miti ya chini. Siku ya tisa shefu alikuja akasema tuitoe. Watoto wa Direkta walitazamiwa kufika kwa Noeli, na reli ilikuwa bado kufungwa. Balume alivua kofia yake. Aliongea polepole, na sisi sote tulisikia.

“Shefu, betoni ingali mubichi. Ile ya tatu ilikunywa mvua. Tungoje.”

Shefu alimwambia kwamba kama hawezi, atatafutwa kapita mwingine kabla ya saa sita.

Balume alirudisha kofia kichwani. Kisha akatugeukia, akatuambia tupande wote juu ya korongo, asibaki muntu chini. Mimi nilianza kushuka pamoja naye, kwa kuwa nilikuwa msaidizi wake. Alinisukuma kifuani, si kwa hasira, akachukua nyundo peke yake.

Aligonga kabari zilizokaza miti ya boriti ya kwanza, akaanzia katikati akielekea kwenye nguzo, kama inavyotakiwa. Ikasimama. Ya pili ikasimama. Chini ya ile ya tatu alikuwa ametoa miti miwili tu, nikaona mstari mwembamba kwenye tumbo la boriti, kama unywele. Nilifungua kinywa kumwita. Boriti ilivunjika kabla sauti haijatoka.

Tuliinyanyua kwa miti, watu kumi na wawili. Alikuwa bado anapumua. Tukamweka katika kamio, lori la mine, kumpeleka hospitali ya Kirotshe, nami nikashika kichwa chake katika kila kona ya ile barabara. Hatukufika naye hai hata Sake, mji wa njiani.

Siku ya tatu shefu aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi iliyosema kwamba kapita alitoa miti kwa akili yake mwenyewe, bila amri. Nilikuwa nimesoma kwa wamisionari, niliielewa kila neno.

“Balume iko kufa,” aliniambia kwa Kiswahili chake. “Karatasi hapana kumuumiza. Weye iko muzima, na shantie inataka kapita.”

Nilitia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nakumbuka hilo. Kabla ya wiki kwisha mjane wake, Mama Sifa, alitolewa katika nyumba za wafanyakazi, kwa kuwa mumewe aliandikwa kuwa mwenye kosa. Alirudi Kibabi kulima maharagi. Mimi nilimwaga upya boriti ya tatu nikiwa kapita, na safari hii tuliachiwa wiki nne zote, maana watoto walikuwa wamechelewa meli. Walipofika waliipanda treni siku tatu, kisha wakaichoka.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, porini, kujenga njia ya vigari vya mawe ya madini juu ya mto. Huko nilifanya kazi mpaka mwisho wa miaka ya hamsini, chini ya mashefu watatu, na hakuna aliyenitoa kwenye wiki zangu nne. Kila mara miti ilipotolewa nilisimama mwenyewe chini ya boriti. Vijana walisema nina moyo. Haukuwa moyo.

Kifua kiliponishinda niliacha kazi, nikarudi Kibabi. Nilimkuta Mama Sifa akichambua maharagi mlangoni. Nilimwambia yote: amri, mvua, karatasi, sahihi yangu. Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

“Papa Yosefu,” alisema, “miaka yote hii watu wa hapa wanasema bwana yangu hakujua kazi. Mimi nilijua anajua. Usiniambie mimi. Kesho njo Yenga, usimame kanisani uwaambie wao.”

Nilikubali. Jumapili nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma. Pasta aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama Sifa aligeuka akanitazama. Miguu yangu ilikataa, ao mimi niliikataza, na wimbo ukaanzishwa. Hakunisemesha tena mpaka tulipomzika.

Wasomaji wengi mtataka nieleze vipimo vya simenti na namna ya kufunga vyuma. Hayo mtayapata kwa mafundi wa leo, wanayajua kunishinda. Mimi nimeandika ili mlioko Kibabi musome hili: Kapita Balume alisema tungoje. Aliamriwa. Kazi yake aliijua.