Bastola Katika Nyumba ya Fundi Cherehani

Nilianza kupiga shabaha mwaka 2015, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Aliyenipeleka ni mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akitengeneza vyombo vya maabara kwenye karakana ya chuo kikuu, Braamfontein, katika jiji la dhahabu kusini kabisa mwa Afrika. Mimi nilikuwa fundi wa maabara ya kemia. Siku hiyo nilikuwa napima unga fulani kwenye mzani ule mdogo ambao hata pumzi ya mtu inauyumbisha, naye amesimama mlangoni akingoja nimalize. Nilipomaliza akasema, "Unajua kwamba unabana pumzi kabla ya kuweka kijiko? Kuna watu tunawafundisha hilo mwaka mzima na hawaliwezi."

Nilicheka. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuwa naye kusini mwa jiji, kwenye uwanja wa shabaha ulio chini ya kilima cha mchanga wa mgodi wa zamani. Masikio nimeyaziba, mkononi nina bastola ya risasi ndogo, na mita ishirini na tano mbele yangu imebandikwa karatasi yenye duara jeusi. Risasi zangu tano za kwanza zilitawanyika hovyo. Tano za mwisho ningeweza kuzifunika kwa kiganja.

Mimi ni mtoto wa walimu, wa Morogoro. Kwetu bunduki niliziona mabegani mwa mgambo tu, na sikuwahi kutamani hata kuigusa. Kwa hiyo sikutegemea kuupenda mchezo huu. Nilichokipenda hakikuwa mlio. Ni zile sekunde mbili kabla yake, pale unapoacha kuwaza bili, mkuu wa idara na foleni ya barabara kuu, kidole kinaongeza uzito kidogo kidogo kwenye kifyatulio mpaka risasi inatoka na wewe mwenyewe unashtuka. Ukiilazimisha itoke, umeshakosa.

Klabuni walikuwapo wanaume waliozungumza habari za wezi kutoka asubuhi mpaka tunafunga. Mwizi akiingia kwa dirisha la jikoni nitasimama hapa, akija kwa mlango nitasimama pale. Wengi wao karatasi zao zilitoboka pembeni tu. Sisi wengine, mhasibu mmoja, muuguzi mstaafu, yule mzee aliyenileta na mimi, tuliongea habari za upepo na miwani. Nami nikajitengenezea msimamo, nikautoa kila nilipoulizwa: kwangu bastola ni chombo cha mchezo, kama raketi ya tenisi. Niliusema mara nyingi sana, na niliuamini.

Mume wangu hakuuamini hata siku moja. Yeye ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu. Tulikutana kanisani, tukaoana, tukapanga nyumba Troyeville, na duka lake la ushonaji likawa mitaa miwili chini ya nyumba yetu, kwenye barabara kubwa. Habari za vita vya kwao alinisimulia moja tu: kwamba siku waliyokimbia, baba yake alirudi ndani kuchukua redio, na hakutoka tena.

Nilipomwambia kwamba nataka kuomba leseni niwe na bastola yangu mwenyewe, aliacha kukanyaga cherehani.

"Ile kintu italala mu nyumba yetu?"

"Itakaa kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Ufunguo ninao mimi peke yangu."

"Sikuuliza italala ndani ya nini. Niliuliza kama italala humu."

Hatukuelewana siku hiyo wala mwezi ule. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikapeleka fomu na alama za vidole. Kisha akaja askari mwanamke kukagua kasha na kumhoji mtu ninayeishi naye. Mume wangu aliketi mezani, utepe wa kupimia shingoni, mikono juu ya magoti.

"Una pingamizi lolote mkeo kumiliki silaha?" askari akauliza.

"Mke wangu si mtu wa hasira."

"Sijauliza hilo, baba. Una pingamizi?"

Alizungushazungusha utepe kidoleni mpaka askari akainua macho kutoka kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, sithubutu hata kusogeza sufuria.

"Andika sina," akasema.

Askari alipoondoka, mume wangu alinisogelea pale kwenye jiko. "Leo nimedanganya polisi kwa ajili yako," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usiniombe tena kitu cha namna hii."

Leseni ilitoka baada ya zaidi ya mwaka. Bastola ikaingia kwenye kasha, kasha likiwa ukutani, ndani ya kabati la chumbani kwetu, naye mume wangu akahama upande wa kitanda uliokuwa karibu na kabati akalala upande wa dirisha. Sikuisafisha kamwe akiwa nyumbani. Hakuomba kuiona. Jumamosi nilipotoka na mkoba wangu alikuwa akisema "Bon," yaani sawa, na nilipenda kujidanganya kwamba amezoea.

Tukaishi hivyo mpaka mwaka 2019, ile wiki ambayo maduka ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika yalianza kuvunjwa katikati ya jiji na pembezoni.

Kaka yake mume wangu, shemeji yangu, alikuwa na duka dogo huko Diepsloot, pembezoni mwa jiji, spaza kama wanavyoliita, la mkate, sabuni na vocha za simu. Jumatatu mchana alifika kwetu na begi moja. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Hata milango wamebeba." Usiku huo na asubuhi yake hakula kitu.

Jumanne tulifunga duka la mume wangu saa nne asubuhi. Gari langu ni dogo, na tuliweza kupakia cherehani mbili tu kati ya nne, pamoja na nguo za wateja wachache. Mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za nguo, ilibaki, na majoho arobaini ya kwaya, ya zambarau, yakingoja vifungo. Tulipanga kurudi mara ya pili. Tulipofika kwenye kona tukaona moshi karibu na roboti, taa za kuongozea magari, na watu wamejaa barabara nzima, wengine na fimbo, wengine na toroli za dukani. Nikageuza gari.

Nyumbani tulifunga geti, tukavuta mapazia. Nilipiga simu polisi. Aliyepokea akasema magari yote yako nje, akatuambia tubaki ndani. Kelele zilikuwa zikipanda kutoka barabara kubwa, zinakaribia, zinarudi nyuma, kisha zinakaribia tena. Kila mara ungesikia mlango wa bati ukipigwa, halafu shangwe.

Shemeji alikuwa amesimama katikati ya sebule. "Shemeji," akaniambia, "iko bunduki mu nyumba hii. Tunangoja nini?"

"Ni ya mchezo."

"Inaua ao haiui?"

Nilimweleza sheria: kwamba huwezi kumpiga mtu risasi kwa sababu anaiba cherehani, kwamba siruhusiwi kumpa bastola mtu asiye na leseni, kwamba tukitoka nayo barabarani tutakuwa watu watatu na risasi chache mbele ya mamia. Nilikuwa nasema haraka haraka kama mwanafunzi anayejibu mtihani. Aliningoja nimalize.

"Mimi mpaka jana nilikuwa na sheria pia," akasema. "Nilikuwa na karatasi zote za duka."

Nilimgeukia mume wangu anisaidie. Nilikuwa na hakika naye kuliko nilivyokuwa na hakika nami mwenyewe. Alikuwa dirishani, amefunua pazia kidogo kwa kidole kimoja. Bila kugeuka akasema, "Fungua kasha."

"Baba, unasema nini?"

"Nimesema fungua, mama. Kama watapanda huku juu, hawatatukuta na mikono mitupu. Nimeshakimbia mara moja mu maisha yangu."

Niliingia chumbani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliingia, na jibu la kweli ni kwamba niliona aibu. Wanaume wawili waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu walikuwa wakinitazama, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Nilifungua kasha. Mikono ikafanya kazi yake ya kila Jumamosi: nikahesabu risasi tano, nikazisukuma kwenye magazini moja moja, nikaipachika, nikavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola nikaiachia. Sasa bastola ilikuwa na risasi tayari, ndani ya chumba changu cha kulala, mbele ya kioo chenye rozari na kofia yangu ya harusi. Kule uwanjani yupo msimamizi anayetoa amri, ipo mistari ya rangi chini, na mbele yako ni mchanga mtupu. Hapa palikuwa na kitanda. Nikasikia mlango mwingine wa bati unapasuka kule chini, na safari hii nilijua ni upande wa duka letu.

Nyuma yangu sakafu ya mbao ililia. "Leta kwangu," shemeji akasema.

Niligeuka. Niligeuka mwili mzima, mikono ikiwa mbele yangu kama nilivyofundishwa, na mdomo wa bastola ukapita ukutani, ukapita mlangoni, ukasimama tumboni kwake. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mkono ameunyoosha. Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio. Namshukuru Mungu kwa hilo peke yake, kwa sababu hakuna kingine nilichofanya sawa.

Alitazama chini pale bastola ilipoelekea, kisha akanitazama usoni. Mkono wake ulibaki hewani. Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka kifungo kimoja cha shati lake kilikuwa cha rangi tofauti na vingine, na nakumbuka niliwaza, nikikohoa sasa hivi nimemuua.

"Weka chini." Mume wangu alikuwa kwenye korido, nyuma ya kaka yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mtoto aliye ukingoni mwa kisima. "Weka chini, mama. Pole pole. Nimekosa mimi. Weka chini."

Nilielekeza mdomo kwenye godoro, nikatoa magazini, nikatoa na ile risasi iliyokuwa ndani. Ilianguka ikaviringika chini ya kitanda. Ilibidi nipige magoti kuitafuta, na mkono wangu, ule ambao mzee wa karakana aliusifia kwa kutulia, ulitetemeka kiasi kwamba sikuweza kuishika mpaka mara ya tatu. Nilifunga kasha. Kisha nikakaa sakafuni nikiegemea kabati. Tukabaki tunasikiliza duka likivunjwa.

Kundi halikupanda mtaani kwetu. Saa kumi jioni liliteremka kuelekea mjini, na gari la kwanza la polisi likapita likifuata nyuma yake.

Asubuhi tulikwenda kuangalia. Ovaloki hakuna, cherehani hakuna, hata meza ya kukatia imebebwa. Majoho kadhaa yalikuwa yametupwa kwenye mtaro. Jirani mwenye saluni alituambia kwamba vijana waliyavaa na kucheza nayo barabarani. Mume wangu aliyaokota akayakunja moja moja, kama vile ni safi.

Siku tatu hatukuzungumza ila habari za chakula. Ya nne, tukiwa tunafua yale majoho uani, aliniuliza, "Ungempiga?"

"Hapana."

"Mama."

"Sijui," nikasema. "Sikutaka. Lakini sijui."

Alisuuza joho, akalikamua. "Baba yangu pia, yule aliyempiga risasi alikuwa mtoto anayetetemeka. Nilimwona. Sikukuambia hilo." Kisha akaongeza, "Na bado mimi ndiye nilisema ufungue. Hilo nitakaa nalo mimi."

Nilimwendea shemeji rasmi pale sebuleni, nikiwa na kitenge na kichwa kimefunikwa, nikamwomba radhi mbele ya mume wangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Ile siku nilitazama uso wako. Uliogopa kunishinda. Kwa hiyo sina neno." Alimaanisha. Alikaa kwetu miezi miwili mingine, tukala sahani moja, tukacheka hata. Lakini kwenye sebule ile ndogo alichagua kiti cha ukutani, na mpaka anahamia kwake sikuwahi kumwona amekaa akinipa mgongo.

Bastola niliipeleka kwa muuza silaha mwenye leseni ya kuzihifadhi, na huko ndiko inakolala mpaka leo. Mume wangu aliondoa kasha ukutani mwenyewe, akaziba matundu ya bolti kwa saruji. Cherehani zile mbili tulizookoa zikawekwa sebuleni, na wateja wakaanza kuja mlangoni.

Klabuni nilimweleza mzee kila kitu, nikitegemea anifukuze. Alisikiliza akiwa amevua miwani. "Nimekufundisha miaka minne namna ya kusimama mbele ya karatasi," akasema. "Sikukufundisha hata siku moja namna ya kusimama mbele ya mlango. Sikujua kama nafaa kulifundisha hilo. Bado sijui." Wale wanaume wa habari za wezi walikuwa meza ya pili, wakiendelea na madirisha yao. Zamani ningewacheka moyoni. Siku hiyo nilitaka kuwaambia habari ya kile kifungo cha rangi tofauti, nisijue nianzie wapi.

Nilikaa miezi mitano bila kugusa bastola. Kisha Jumamosi moja nilivaa viatu vyangu vya uwanjani nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikitarajia ugomvi. Mume wangu alipita na mkasi mkononi, akasimama.

"Unaenda kupiga?"

"Nikikubaliwa, naenda."

"Ukubaliwe na nani?"

"Na wewe."

Aliufunga mkasi. Safari hii hapakuwa na askari wala fomu ya kujaza. "Sipendi," akasema. "Sitapenda kamwe. Nenda, lakini ukirudi usiniambie kwamba ni mchezo tu."

"Sitasema."

Nilikwenda. Niliazima bastola ya klabu nikapiga vibaya sana, kwa sababu kila nilipobana pumzi niliona lile shati la shemeji. Kwenye risasi ya ishirini hivi mkono ulianza kutulia, na nikasikitika kidogo kwamba umetulia.