Treni Ambayo Bibi Hakuipanda

Jumapili iliyopita mdogo wangu wa kiume alinitumia ramani. Si ramani ya njia, maana njia za huku Texas nazijua mpaka zimenichosha. Ni ramani aliyoichora mwenyewe, ya kona moja ya bustani ya michezo iliyoko kati ya Dallas na Fort Worth, ile tuliyokuwa tukiiendea Idi pili tulipokuwa watoto. Wenye bustani wametangaza kwamba kona hiyo itapanuliwa, basi, hawakuongeza neno. Lakini mashabiki, ambao mdogo wangu ni mmoja wao tena wa mstari wa mbele, wamekwisha kuipanga na kuipangua mara chungu nzima kwenye kundi lao la mtandaoni.

Nilikuwa nimetoka kazini, kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapa DeSoto, jirani na Dallas, miguu imeumuka kama mahamri. Nikajitupa kwenye kochi nikaanza kusoma mabishano yao. Wallahi, kuna watu wana nguvu duniani. Mmoja anataka vibanda vya chakula vihamishiwe upande wa maji. Mwenzake anamuuliza, na kivuli je, utakihamisha nacho? Mwingine amepima njia kwa hatua zake mwenyewe, anaapa kwamba vigari viwili vya watoto havipishani pale. Wanarushiana maneno kana kwamba wao ndio watakaomwaga saruji kesho asubuhi. Ila jambo moja karibu wote wamekubaliana: treni ndogo iondolewe. Ile inayozunguka kona polepole ikipiga kengele. Eti inakula nafasi na haina wapandaji. Wanaoitetea ni wachache, watu wa makamo, na sababu yao ni ile ile: niliipanda na babu, niliipanda na mama yangu akiwa hai.

Kisha mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, umeiona? Nime-remove treni yote, nika-extend plaza mpaka getini. Watu wame-like sana." Akashusha pumzi. "Sasa nataka baba aje kabla hawajaanza kujenga. Watoto waende na babu yao hata mara moja. Lakini uongee naye wewe. Mimi nikitaja tu ile park, ananikatia simu."

Nikamwambia nitaona. Nikaiweka simu kifuani, macho yakitazama dari, na, rafiki yangu unayenisikiliza, sikuwa tena mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye miguu inayouma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nimelibana sufuria la biriani kwa magoti.

Wakati ule tulikaa Gulfton, Houston, katika apatimenti za ghorofa mbili zilizobanana hata ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Chini yetu kulikuwa na Wakongo, ng'ambo ya ngazi mama mmoja wa Kizanzibari aliyepika vitumbua, na sisi watu wa Mombasa juu. Idi mosi ilikuwa ya msikiti na ya kutembeleana. Idi pili ilikuwa yetu. Magari manne au matano yalipangana nje, safari ya masaa manne hadi kule bustanini, na watoto tulikuwa hatulali kwa wiki nzima.

Bibi, mamake baba, ndiye aliyeongoza jiko. Alikuwa ameletwa kutoka Mombasa mwaka mmoja kabla, na mashine ya kusagia hakuitaka. Usiku wa manane alitwanga thomu na tangawizi kwa kinu chake kidogo cha jiwe, na Mkongo wa chini naye akigonga dari kwa mpini wa fagio, wakijibizana hivyo mpaka viungo vikawa tayari. Mimi nilimenya viazi. Mdogo wangu, miaka sita, alihesabu vikombe na kuvikosea. Nyumba nzima ilinukia hiliki na kitunguu cha kukaanga. Biriani likishafunikwa, mfuniko ulifungwa kwa shuka, fundo juu, na kazi yangu ilikuwa kulishikilia sufuria hilo katikati ya miguu njia nzima lisiyumbe. Nilishuka garini magoti yakiwa mekundu, nikinuka zafarani kama mkono wa bwana arusi.

Baba alikuwa dereva wa teksi uwanja wa ndege. Mwaka ninaokueleza aliendesha usiku kucha, alfajiri akaoga, akatuendesha sisi. Mama alikuwa zamu hospitalini, hakuja. Kwa hivyo bibi alikuwa mikononi mwangu, maana Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake dukani, kwa daktari, kila mahali. Alikuwa akiniambia, "Wewe ndiwe ulimi wangu, mama." Nilijiona mtu mkubwa.

Asubuhi ile tulizunguka naye bustanini na buibui lake na leso mabegani. Vyombo vinavyopinduka alivitazama akasema a'udhubillahi. Lakini tulipofika kwenye ile treni ndogo alisimama. Babu yetu alikuwa fundi wa reli, nadhani sijakwambia. "Nimemfulia mtu nguo za reli miaka ishirini," bibi akasema, "mafuta hayatoki hata kwa majivu. Na treni yenyewe sijaipanda. Hii ndiyo saizi yangu. Tukishakula mtanipandisha."

Chakula kutoka nyumbani hakikuruhusiwa ndani. Kwa hivyo adhuhuri msafara mzima ulitoka nje kwenye uwanja wa magari. Mikeka ilitandikwa kati ya gari na gari, shuka zikafungwa mlango kwa mlango kupata kivuli, sinia zikateremshwa. Wamarekani walipita wakitutazama, wengine wakitabasamu, na mama wa Kizanzibari akiwakaribisha kwa mkono uliojaa wali. Tukishakula tuliswali pale pale juu ya lami inayochoma. Sijapata kula biriani tamu kama la kwenye uwanja ule, na nimekula biriani kwingi.

Sasa, ili mtu atoke na kurudi, mlangoni walikugonga muhuri nyuma ya mkono wa kushoto. Wino wake hauonekani mpaka mkono uwekwe chini ya taa ya zambarau. Watoto wa Gulfton tulilijua hilo vizuri. Tulikula kwa mkono wa kulia, na wakati wa kutawadha tuliupitisha ule wa kushoto majini kijanja, tukiugusa vidole tu. Nilimwonya bibi asisugue. Akanitazama juu mpaka chini. "Nimuogope Mungu au niuogope muhuri?" Akakata ndimu, akaisugua mikono yote miwili kuondoa harufu ya samli, kisha akatawadha kama inavyopasa, kila kiungo mara tatu, maji ya galoni zima.

Baba alilala garini, kiti kimeinamishwa, mdomo wazi. Wenzetu wakatangulia ndani. Mimi, mdogo wangu na bibi tukafika mlangoni mwisho. Mkono wangu ukawaka chini ya taa. Wa mdogo wangu ukawaka. Wa bibi haukuwa na kitu. Aliyetawadha sawasawa ndiye aliyekwama, na mimi niliyemdanganya Mungu kwa vidole nikapita.

Msichana wa mlangoni alikuwa mpole. Nataka ulijue hilo. Aliinama akaniambia taratibu, ili nielewe, kwamba si neno, nimpeleke bibi kwenye dirisha lile pale, aonyeshe tiketi yake, watamruhusu. Nikaligeukia lile dirisha. Foleni yake ilikuwa ndefu, imekunja kona. Na mbele yangu, ndani, niliwaona marafiki zangu wakiniita kwa mikono.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

"Amekataa," nikasema. "Amesema huwezi kuingia tena."

Bibi aliutazama mkono wake, akaupangusa kwa leso. "Basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nendeni mkacheze. Mimi nitakaa hapa mnione mkitoka." Akaenda akaketi kwenye benchi nje ya geti, pasipo na mti wala paa. Nilimwambia tunarudi sasa hivi.

Hatukurudi sasa hivi. Nakuambia hivi na uso umenishuka mpaka leo. Tulicheza mpaka alasiri imepita. Tulipotoka, baba alikuwa amesimama mbele ya bibi na chupa ya maji, shati nje, macho mekundu. Midomo ya bibi ilikuwa mikavu, ina magamba. Baba alikuwa akiuliza kwa nini, kwa nini, na bibi akamjibu nilichompa mimi: wamenikataa, mwanangu.

Mama wa Kizanzibari alifika nyuma yetu akasikia. "Ni buibui hilo," akasema. "Hao hawatutaki. Akufukuzaye hakwambii toka." Baba akataka kwenda getini kuuliza, lakini bibi alimshika mkono wa shati. "Usitutie aibu siku ya Idi. Twende nyumbani." Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo ninao, na ulimi wa bibi ninao, nikanyamaza.

Tulipofika Houston habari ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Baada ya wiki ilikuwa kesi kamili, inasimuliwa msikitini, na kila msimulizi akiongeza chumvi: walimsukuma, walimcheka. Idi iliyofuata hakuna gari lililopangwa. "Kama mtu mzima kama yule anazuiliwa na nguo zake za heshima," watu walisema, "sisi tunakwenda kutafuta nini?" Tulitandika mikeka nyuma ya apatimenti, karibu na mapipa. Mwaka mwingine tukawa nusu. Kisha jirani huyu akahamia Fort Worth kwenye kazi za maghala, yule akanunua nyumba mbali, mama wa Kizanzibari akafuata watoto wake, na Idi pili ikawa ya kutumiana salamu kwa simu. Bibi alirudi Mombasa. Kila tulipozungumza aliniuliza, "Ile treni yaenda bado?" Namjibu yaenda, bibi. Alifariki kabla sijamaliza shule. Alizoea kutuambia majuto ni mjukuu, nasi wajukuu tukicheka.

Baba hakusahau. Mdogo wangu alipokua akaanza kuipenda ile bustani, baba aliliona hilo kama usaliti. "Unakwenda kuwapa pesa watu waliomweka bibi yako juani?" Wamegombana kwa hilo miaka na miaka, nami nikiwa katikati, nikiwapatanisha, eti mkubwa mwenye busara.

Kwa hivyo Jumapili ile nilimpigia baba, ambaye hajahama Houston. Sikumpigia kwa ushujaa, usinisifu. Nilikuwa nimechoka tu. Kuna kuchoka kunakotokana na kazi, mtu analala kunapita, na kuna kwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Kisha nikamwambia yote: muhuri, ndimu, msichana mpole, dirisha, foleni, marafiki zangu wakinipungia. Nilimwambia hakuna aliyemkataa bibi ila mimi. Nilisikia televisheni yake nyuma, halafu nikasikia ameizima.

"Benchi lile," akasema, "lilikuwa hatua ngapi kutoka garini?"

"Si nyingi, baba."

"Si nyingi. Ningefumbua macho ningemwona." Akakohoa. "Nilipoambiwa wamemkataa, mama, nilimshukuru Mungu. Unanielewa? Nilipata mtu wa kumlaumu. Kama si wao ningebaki mimi, niliyelala mama yangu akiungua."

Nililia. Yeye hakulia, au alinificha. Nilipotulia nikamuuliza kama sasa atakuja, wajukuu wanamngoja, mdogo wangu ameshachora na ramani. Nilitumaini sana aseme ndiyo. Nilishaanza kufikiria nitapika nini.

"Nije kufanya nini?" akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa. "Miaka yote nilikuwa na kesi na watu wale. Kila Idi pili naamka asubuhi naikumbuka siku ile, biriani, magari, jinsi mama yangu alivyokaa mbele na mkoba wake mapajani, halafu hasira inakuja, najiona kijana. Sasa kesi imekwisha. Masaa manne ni mengi, mama. Mwambie ndugu yako sina neno naye. Aivunje hiyo treni kama anavyotaka."

Nilimpigia mdogo wangu nikampa salamu zake. Alifurahi kwamba baba hana kinyongo tena, na sikuweza kumweleza zaidi siku ile. Nilirudi kwenye mabishano ya mashabiki. Walikuwa wameshaiacha treni, wanagombania vyoo. Nikaandika kwamba naomba treni ibaki, nikafuta, maana wote walioitetea walikuwa na mtu waliyepanda naye.

Nilidhani nikisema kweli nitamrudishia baba kitu. Hasira yake ndiyo iliyokuwa imebaki ya Idi pili yetu nzima, mahali pa mwisho ambapo bibi alikuwa bado anakaa kiti cha mbele, na mimi nimempigia simu nikaichukua.